Masizi si matope: namna ya kusafisha sakafu yenye kula moshi

Wiki hii tuache kidogo habari za konkuru, za staji na za barua za kuomba kazi. Tuongee juu ya sakafu. Najua kuko mwenye atacheka: muntu amemaliza univerisite, anakuja kutufundisha kukomba nyumba? Acheke, hakuna neno, lakini asome, maana jambo hili linagombanisha watu wengi kwetu, na wanagombana bure.

Muko mnalijua. Mtoto wa Kinkondja anapata kazi Lubumbashi ao Kolwezi. Pesa ya kwanza kubwa yenye anatuma nyumbani ni ya mabati, ya pili ni ya simenti, ili mama naye atoke mu nyumba ya udongo. Fundi anamwaga sakafu, wanapiga foto, wanaituma kwa WhatsApp: sakafu ya kijivu, imelala sawa kama meza. Kisha masika moja inapita. Yule mtoto anarudi kusalimia, anakuta chini kumekuwa kama mgongo wa chungu. Anakasirika: "Simenti yangu mmeifanya nini?" Mama ananyamaza. Na yule dada mdogo mwenye kuamka saa kumi na moja asubuhi kila siku, anamwaga mayi, anapiga brosi, anapangusa na torsho mbele ya kwenda masomo, naye ananyamaza. Anaitwa mvivu, lakini yeye njo mwenye kufanya kazi kuliko wote. Sakafu haikukuwa nyeusi juu hakuisafisha. Imekuwa nyeusi kwa namna ya kuisafisha: mayi kwanza.

Njo neno lenyewe la leo. Masizi si matope. Matope inatoka na mayi. Masizi, ukiimwagia mayi mbele ya kuitosha ikiwa kavu, unaisukuma ndani ya sakafu kwa mkono wako mwenyewe.

Tuanze na moshi wenyewe. Kinkondja iko kando ya ziwa Kisale, fasi Lualaba inajipanua mu mabwawa na mafunjo, na watu wanaishi kwa samaki. Kiwanda cha barafu hakuna. Samaki mwenye kuvuliwa leo lazima akaushwe mbele hajaharibika, ndipo apande mtumbwi kufika Bukama, na kutoka pale achukue treni ao lori kwenda miji ya migodi. Kukausha kwenyewe ni moto chini, kichanja juu, na moshi mwingi wa kuni katikati. Wakati wa kiangazi kazi hiyo inafanyika inje. Mvua ikianza, kuni zinalowa, mbwa wanazunguka, na wezi hawalali. Basi kichanja kinaingizwa mu jiko, na kwa manyumba mengi jiko lenyewe ni chumba cha nyumba. Kuni mbichi ao zenye kulowa zinatoa moshi mara nyingi kuliko kuni kavu, maana joto linamalizikia ku kuchemsha mayi yenye kuwa mu mti, na gazi ya mti inatoka bila kuungua vizuri. Ongeza mafuta ya kambale yenye kudondoka ku makala: kila tone linapasuka kuwa moshi mzito wa mafuta. Ile yote inapanda, inagusa bati lenye baridi, inashika, na kisha inashuka chini kidogokidogo.

(Kwa wale wa historia: moto wa mvuvi si jambo la leo kwetu. Wachimbaji wa mambo ya kale wenye kufanya kazi Sanga, kando ya ziwa hilohilo, kuanzia 1957, na tena na Pierre de Maret mu 1974, walikuta mu makaburi ya zaidi ya miaka 700 vyungu vya ajabu, na pamoja navyo mbabula za udongo zenye pembe tatu za kuegemeza chungu. Mbabula ya namna ile unaweza kuiweka hata mu mtumbwi. Wazee wetu walijua kuubeba moto. Lakini wao hawakukuwa na sakafu ya simenti ya kulilia.)

Sasa, masizi ni nini? Ni kaboni yenye haikuungua hadi mwisho. Chembe zake ni ndogo sana: moja moja ina kama nanomita 20 mpaka 50, yaani ukipanga 1,000 mu mstari hazifiki upana wa unywele mmoja. Zinashikana kama vishada, na njo maana unaona utando mweusi unaning'inia ku dari. Lakini kaboni peke yake haina shida kubwa. Shida ni kwamba kila chembe imevaa koti. Moshi wa kuni unabeba pia lami, mafuta na asidi nyepesi, na zikipoa zinaganda juu ya zile chembe. Njo koti lile lenye kunata, lenye kunuka, lenye kukataa mayi.

Ufanye jaribio ndogo. Kamata masizi kidogo chini ya chungu, uweke ku bamba, udondoshee tone moja la mayi. Tone linabaki duara, linateleza juu ya masizi kama mayi ku jani la muhogo. Sasa tia sabuni mu lile tone. Pale pale linalala, linaingia, masizi inaanza kuelea. Mwenye kusoma shimi anajua juu ya nini: kila molekuli ya sabuni ina kichwa chenye kupenda mayi na mkia wenye kupenda mafuta. Mikia inaingia mu koti la masizi, vichwa vinabaki inje, na chembe inabebwa na mayi bila kurudi chini. Mayi tupu haina mikono ya kuishika. Kazi yenye inafanya ni kuibeba kidogo mpaka mu tundu la karibu na kuiacha mule.

Na sakafu ya simenti imejaa matundu. Fundi alipochanganya simenti alitia mayi mingi kuliko simenti ilivyohitaji, kwa sababu mchanganyiko mwepesi unamwagika bila kumchokesha. Mayi ya ziada ilikauka, ikaacha njia zake ndogondogo, maelfu na maelfu. Macho haiwezi kuziona, lakini masizi inaziona. Basi yule dada mdogo, kila asubuhi, alikuwa anatengeneza wino na kuunywesha sakafu.

Namna ya kufanya njo hii, na inaanza juu, si chini. Ukisafisha chini mbele ya dari, kesho utarudia. Toa chakula, vyombo na batoto inje. Fungua mlango na madirisha. Funga kitambaa ku pua na kinywa. Kitambaa hakizuii zile chembe ndogo kabisa, tuseme ukweli, lakini vipande vikubwa kinavizuia. Kisha utoe utando wa ku mabati na ku kuta na fagio laini ya mti mrefu, polepole, bila kupiga. Masizi yenye kupigwa inaruka, na yenye kuruka itatua kesho ku kitanda. Acha ipumzike saa moja ao mbili ishuke yote.

Halafu sakafu, ikiwa kavu kabisa. Hapa njo watu wanakosa uvumilivu. Usipige fagio kavu juu ya masizi tupu. Utawanye kwanza kitu cha kuishika: unga wa mbao kutoka kwa seremala, ao mchanga mwembamba mkavu, ao udongo mweupe, ile mpemba yetu, wenye kusagwa. Vile vitu vinakunywa mafuta na kuipa masizi uzito. Ueneze kama unavyoeneza unga ku meza ya kukanda mikate, usugue kidogo na kitambaa kikavu ao na mguu wenye soksi kuukuu, uache nusu saa, kisha usukume yote kwa fagio laini kuelekea mlango. Ukiona unga umekuwa mweusi, shukuru: ule weusi haungii tena mu simenti. Rudia mpaka unga utoke na rangi yake. Mara nyingi ni mara mbili ao tatu. Mbele ya hapo tone la mayi lisiguse chini.

Hatua ya mayi inakuja nyuma, na haifai kuwa mayi tupu. Koti la masizi lina asidi na mafuta, kwa hiyo dawa yake ni kitu cha alkali. Ulaya na Amerika watu wa kusafisha manyumba yenye kuungua wanauziwa poda za alkali kwa kazi hii. Sisi tuko na majivu. Majivu ya kuni ina potasi, na mabibi zetu walikuwa wanaijua kabla ya sisi kusikia neno potasi: mayi yenye kuchujwa mu majivu wamelainishia nayo mboga ngumu na kupikia sabuni. Majivu ya maganda ya ndizi ina potasi zaidi. Kamata mkebe, toboa matundu madogo chini, weka kitambaa ndani, jaza majivu nyeupe yenye kuchekechwa (si makala meusi, utarudisha ugonjwa uleule), umwagie mayi ya moto polepole, na chini ukinge yenye kudondoka. Itatoka na rangi ya chai nyepesi, na ukiisugua kati ya vidole inateleza. Ule utelezi ni mafuta ya ngozi yako yenye kuanza kugeuka sabuni, kwa hiyo usicheze nayo: vaa mifuko ya plastiki mikononi kama gans hakuna, na isiruke mu macho.

Changanya ile mayi ya majivu na sabuni ya kipande yenye kukwanguliwa, ndani ya baseni moja. Baseni ya pili iwe ya mayi safi ya kusuuzia torsho. Hii habari ya baseni mbili naiona ni kubwa kuliko habari ya sabuni. Mwenye baseni moja anafikiri anaosha, kumbe kuanzia torsho ya tatu anapaka. Fanya kipande cha sakafu chenye upana wa mkeka mmoja: lowesha kwa mayi ya sabuni, acha dakika 10 isikauke, piga brosi ya nyuzi laini kwa duara, kisha pale pale kusanya ile mayi nyeusi na torsho ao na rakleti mbele haijazama. Suuza, ukausha, ndipo uende kipande cha pili. Ukilowesha chumba chote mara moja, wakati uko kona hii, mayi nyeusi ya kona ile inakunywewa.

Torsho hubadilishwa. Torsho ya jana yenye masizi haisafishi kitu leo.

Sasa yale madoa ya kahawia. Hayo si masizi, na wengi wanachanganya. Mvua ya usiku ikishusha jasho ku mabati, matone yanaosha lami ya moshi na kudondoka chini, na pale yanapodondoka panabaki duara za rangi ya kahawa zenye harufu ya samaki wa kukaushwa. Lami ile imeshaingia ndani, brosi haitaifikia. Inabidi uivute. Tengeneza uji mzito wa mpemba na mayi ya majivu yenye sabuni, upake juu ya doa unene wa kidole, funika na plastiki siku moja, kisha funua uache ukauke wenyewe. Ukikauka, mayi inapanda kutoka mu simenti kuingia mu udongo, na inabeba lami. Kwangua, uone. Doa la wiki moja linaweza kutoka kwa mara moja ao mbili. La miaka mitatu litapauka tu, na mwenye kukuahidi zaidi anakudanganya.

Na nyumba yenye sakafu ya udongo? Ni nyingi bado, na kwa habari hii zina bahati kuliko za simenti. Udongo hauoshwi. Nyunyizia mchanga wenye unyevu kidogo, wa kushikana ukiufinya lakini usiodondosha mayi, ukombe pamoja na masizi. Kila baada ya muda, kwangua ngozi ya juu, kama unene wa kucha, uitupe, kisha upake upya kwa udongo wa kichuguu wenye kuchekechwa vizuri. Sakafu imekuwa mpya kwa kazi ya asubuhi moja. Simenti haikubali ngozi mpya namna ile. Kwa karo ni rahisi zaidi: fanya kazi ya ukavu, kisha sabuni, na upange mswaki wa zamani kwa mistari ya katikati, maana mule ni simenti tupu.

Nifike kwa vitu vyenye watu wanapenda kutumia na vyenye kuharibu. Cha kwanza ni javeli. Kila nyumba ya Kongo inaiamini javeli kuliko mganga. Jina lake linatoka Javel, iliyokuwa kijiji kando ya Paris, fasi dawa hiyo ilianza kutengenezwa mwishoni mwa karne ya 18 kufuatana na kazi ya mtaalamu wa shimi Claude Louis Berthollet. Aliitafuta kwa kazi ya kungarisha vitambaa, na inafanya vizuri: inavunja rangi za mimea, damu, ukungu. Lakini weusi wa masizi si rangi ya namna ile. Ni kaboni, na javeli haiigusi kaboni. Utapata sakafu nyeusi yenye kunukia hospitali. Kibaya zaidi, kuko mwenye kuona javeli imeshindwa, anaongeza ndimu ao siki "ili ipate nguvu". Hapo hapo inatoka gazi ya klorini, ileile yenye ilitumiwa kuua askari mu vita ya 1914–1918. Mu chumba kidogo chenye dirisha moja hili si jambo la kusimulia. Javeli isichanganywe na asidi, isimwagwe fasi penye mkojo wa mtoto, ikae peke yake.

Ndimu yenyewe, hata bila javeli, inakula chokaa ya simenti na kuongeza matundu. Petroli nayo wengine wanaipenda, kwani inaondoa weusi mbele ya macho. Inayeyusha lile koti la lami, ndiyo, na inaingia nalo chini kabisa kwa sababu ni nyepesi kuliko mayi ya sabuni. Na bado ni petroli, mu nyumba yenye mbabula.

Labda unajiuliza kama shughuli yote hii ni ya urembo tu. Mu 1775 daktari wa London, Percivall Pott, aliandika kwamba vijana wenye kusafisha mabomba ya moshi wanapata kansa ya ngozi ya sehemu za siri, na akasema sababu ni masizi yenye kukaa ku ngozi yao. Ilikuwa mara ya kwanza daktari kuonyesha kwamba kazi ya mtu inaweza kumletea kansa. Leo wataalamu wa kansa wa Shirika la Afya Duniani wanaiweka masizi ya ile kazi mu kundi la kwanza, la vitu vyenye hakika kuleta kansa, na moshi wa kuni wa mu manyumba mu kundi la vitu vyenye kudhaniwa sana. Shirika hilohilo linakadiria kwamba hewa chafu ya ndani ya nyumba iliua watu milioni 3.2 mu mwaka 2020. Nani anakaa chini kuliko wote mu nyumba? Mtoto wa miezi minane. Anatambaa, anaweka kiganja ku sakafu, anaweka kiganja mu kinywa. Na nani anavuta vumbi la asubuhi? Yule mwenye fagio. Kwetu ni msichana, mara nyingi mwenye kujiandaa kwa Exetat, na saa zenye anamaliza ku sakafu ni saa za kitabu. Kwa hiyo ukimfundisha kusafisha kwa ukavu mara moja kwa juma kwa namna ya kweli, badala ya mayi kila siku, umemrudishia asubuhi zake.

Lakini hapa nataka niwatahadharishe, hasa ninyi wenye kupanga chumba mjini. Makala inatoa masizi kidogo sana kuliko kuni. Muntu mwenye kupika kwa makala anaona sakafu yake safi, kuta zake nyeupe, anafikiri hewa yake nayo ni safi. Hapana. Makala yenye kuwaka polepole inatoa monoksidi ya kaboni, gazi yenye haina rangi, haina harufu, haiachi alama ku kitu chochote, na inakamata damu mahali pa oksijeni. Mu miezi ya 6 na 7, baridi ya Katanga ikifika, watu wanaingiza mbabula ndani ya chumba cha kulala na kufunga mlango. Kichwa kinauma, usingizi unakuja mzito, na wengine hawaamki. Sakafu nyeusi angalau inakuonya. Mbabula ilale inje.

Taa nazo zina sehemu yao. Watafiti wa Berkeley na wa Illinois walipima taa ndogo za utambi, zile za mkebe na petroli, na mu 2012 walitoa jibu: kama asilimia 7 mpaka 9 ya petroli yenye kuungua mule inageuka kaboni nyeusi. Ni nyingi kupita kiasi kwa mwali mdogo vile. Nyumba yenye kuacha taa ya utambi na kushika taa ndogo ya jua inaona tofauti ku dari mbele ya mwaka kuisha.

Tukirudi kwa samaki: hakuna sabuni yenye kushindana na kichanja cha ndani. Ghana, karibu na mwaka 1970, FAO pamoja na watafiti wa chakula wa kule walifanya kazi na wanawake wa kijiji cha wavuvi cha Chorkor, mu Accra, wakatengeneza tanuri lenye kuitwa jina la kijiji hicho. Ni sanduku la udongo ao matofali lenye milango miwili ya moto, na juu yake wanapanga vichanja vya mbao vyenye wavu, kimoja juu ya kingine, ili vichanja vyenyewe vikuwe bomba la moshi. Moto mmoja unakausha samaki wengi, kuni zinapungua, moshi hautawanyiki ovyo. Nyuma yake, Senegal, mu 2008, FAO na chuo cha ufundi wa uvuvi cha kule walitoa lingine, FTT-Thiaroye, lenye sinia ya kukinga mafuta ya samaki yasidondoke ku makala. Mnakumbuka lile tone la mafuta ya kambale? Ndilo lenye kukingwa pale. Udongo wa kichuguu wa kujengea Chorkor uko Kinkondja bure. Chenye kukosekana ni paa lake na mlango wenye kufuli, kwa sababu mama haingizi samaki ndani kwa kupenda moshi. Anaingiza juu ya mvua na wezi.

Basi yule mwenye kutuma pesa ya simenti afanye hesabu upya. Aongeze mabati manne na miti ya kibanda cha inje, karibu na nyumba ili mama aweze kusikia mbwa, lakini upande wenye upepo unatoka nyumbani kwenda kibandani, si kinyume. Na kwa sakafu yenyewe amwambie fundi mambo matatu kwa simu, na amtume mdogo wake asimame pale kuangalia: mayi kidogo mu mchanganyiko, unga wa simenti kavu upigwe juu na mwiko wa chuma mpaka ngare, kisha sakafu ilale chini ya magunia yenye kuloweshwa siku 7 nzima mbele hajaingia mtu. Siku hizo saba mafundi wengi wanazikata kuwa mbili, maana wanataka kulipwa. Usilipe kipande cha mwisho mbele ya siku ya nane. Ikikauka vizuri, paka nta ya sakafu, tunaita sire, mara mbili, na urudie kila baada ya miezi michache: masizi itakaa juu ya nta, na siku ya kusafisha unaitoa pamoja na ile nta ya zamani.

Ile mayi nyeusi ya baseni msiimwage karibu na kisima wala ku njia ya kwenda ziwani. Chimba shimo dogo nyuma ya choo, mwaga mule, fukia. Na unga wa mbao wenye masizi na mafuta usiuweke mu gunia karibu na moto. Unawaka upesi kuliko unavyofikiri.